Kutikisa manete: inaongeza utamu wa gemu ao ni jasho la bure?

Kwenye vyumba vya Play vya hapa Goma, pale watu wanaenda kucheza gemu za televizio, toka Birere mpaka Katindo na Ndosho, mjadala wa manete za kutikisa (manete ni kile kifaa cha kushika mkononi cha kuendesha gemu) unaishaka haraka sana juu watu wengi wanaona jibu liko wazi: gemu ni mpira, FIFA ao PES, manete ni vidole, na yule anayeinua manete juu wakati anapiga shuti ni yule ambaye bado hajajua kucheza. Kisha anaingilia mwingine, mara nyingi mtu aliyeishi kidogo Kampala ao Ulaya, anasema hapana, nyinyi hamjaona Wii, ile mashine ya gemu ya kurusha mkono kama uko uwanjani unapiga tenisi, ile njo gemu yenyewe. Na wote wawili wanaongea kama vile kucheza kwa mwili ni kitu kimoja. Hapo njo vurugu inaanzia. Ni vitu vinne ao vitano, vyote vikaingizwa kwenye gunia moja na watu wa matangazo, na ndani ya lile gunia kimoja ni kizuri sana, kingine ni kibovu kabisa, na vilivyobaki vinategemea gemu gani na umekaa wapi.

Tuanze na kilicho ndani ya manete, juu bila kujua hicho hautaelewa kwa nini gemu moja inakusikia na ingine inakuacha unapunga hewa kama unafukuza nzi.

Kuna sensa inaitwa akselerometa. Ndani yake mko kipande kidogo sana cha silikoni, hauwezi ata kukiona kwa macho, kimeshikiliwa na vitu kama springi. Ukisukuma manete, kile kipande kinabaki nyuma kidogo, na umeme unapima kimebaki kiasi gani. Ni akili nzuri na ni bei rahisi, lakini ina ugonjwa mmoja mkubwa: inahisi pia uvutano wa dunia, na haiwezi kujua vizuri kama manete imeinama ao imesukumwa. Kwa hiyo ukiipa kazi ya kujua mkono wako uko wapi hewani, inapoteza njia ndani ya sekunde chache tu, juu inabidi ipige hesabu juu ya hesabu na kila kosa dogo linazaa lingine kubwa. Jiroskopu ni kitu kingine, yenyewe inapima mzunguko, manete imezunguka digri ngapi na kwa mbio gani, na kwa hiyo kazi iko sahihi sana, ila baada ya muda inatelezaka kidogo kidogo na lazima irudishwe katikati. Kamera nayo ni njia ya tatu.

Sasa Wii ya Nintendo, ile iliyotoka Novemba 2006, manete yake ilikuwa na akselerometa na kamera ndogo ya infraredi (mwanga ambao macho hayauoni) mbele, bila jiroskopu. Ile fimbo unayoweka juu ya televizio, watu wengi mpaka leo wanaiita sensa, kumbe haisensi kitu, ni taa mbili tu za infraredi na manete njo inaziangalia ili ijue imelenga wapi. Ukiwasha mishumaa miwili mahali pake inafanya kazi sawasawa (siku umeme uko mshumaa unakuwa sensa, siku umeme umeenda mshumaa unarudia kazi yake ya zamani, kwa hiyo hapa mjini haupati hasara).

Kwa hiyo ile tenisi ya Wii Sports iliyopendwa dunia nzima, mashine haikujua mkono wako uko wapi. Ilijua tu kwamba umerusha, kwa nguvu gani na saa ngapi. Mchezaji wako anakimbia mwenyewe kwenye uwanja, wewe haumkimbizi, na ukirusha mapema mpira unaenda upande huu, ukichelewa unaenda upande ule. Njo maana watu waligundua haraka kwamba unaweza kukaa kwenye kiti, mguu juu ya mguu, ukapiga kakifundo kadogo ka mkono na ukamshinda mtu anayeruka ruka na kutoka jasho. Je ni udanganyifu? Mimi naona ni ufundi mkubwa sana, juu waliotengeneza walijua sensa yao haiwezi kitu gani, wakachagua mchezo ambao haukiombi. Bibi ambaye hajawahi kushika manete alirusha mkono na mpira ukaenda. Gemu yenye buto kumi na mbili haiwezi kumpa bibi ile furaha siku ya kwanza.

Ila tusidanganyane na namba. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101, na Wii Sports karibu milioni 83, na kila siku utasikia mtu analeta hizo namba kama ushahidi kwamba kutikisa ni kuzuri, lakini sehemu nyingi za dunia Wii Sports ilikuwa ndani ya kartoni pamoja na mashine, ukinunua moja umepata nyingine. Inaonyesha watu walitaka kujaribu. Haionyeshi kama waliendelea kucheza miaka mitatu baadaye, na Wii U iliyofuata iliuza milioni 13 na nusu tu. Na tusisahau Desemba 2006, mashine haijamaliza ata miezi miwili sokoni, Nintendo ikalazimika kubadilisha kamba za mkononi zaidi ya milioni 3 juu zilikuwa zinakatika na manete zinaruka kwenye vioo vya televizio. Fikiria ile kwenye chumba cha Play ambapo televizio moja njo mtaji wote wa mtu.

Kibovu ninachosema ni hiki: kutikisa badala ya kufinya buto.

Buto ni kitu cha ajabu kwa vile kiko rahisi. Kidole kinashuka milimita moja ao mbili, mashine imeshajua. Kutikisa ni tofauti, lazima mkono uanze, usogee, ufike nguvu fulani, ndipo programu iseme aah, huyu ametikisa. Ata kompyuta iwe na mbio namna gani, haiwezi kutambua mwendo ambao haujafanyika bado. Kwenye gemu inayochora picha 60 kwa sekunde, kila picha ni kama milisekunde 17, na ukipoteza picha nne ao tano kwa kungoja mkono umalize kazi yake, shimo limeshakumeza. Na mbaya zaidi, kutikisa kunasema ndiyo ao hapana tu, kitu kile kile buto inasema. Umelipa bei kubwa zaidi kwa neno lile lile.

Mfano safi ni Donkey Kong Country Returns ya 2010. Ni gemu ya kuruka na kukimbia, ngumu, inayotaka usahihi, na kwenye Wii ili nyani ajiviringishe lazima utikise. Watu walikufa kwa yale mashimo na wakalaani mikono yao wenyewe. Miaka mitatu baadaye gemu ile ile ikatoka kwenye 3DS, mashine ndogo ya Nintendo ya mkononi, na kujiviringisha kukawa kwa buto, na malalamiko yale yakaisha. Gemu moja, mashimo yale yale, kilichobadilika ni kidole. Sony nao walipata yao 2007 na gemu ya majoka yenye mabawa inaitwa Lair, ambayo ulilazimishwa kuendesha joka kwa kuinamisha manete ya PS3, ukitaka kugeuka nyuma unaivuta kwa nguvu, joka linafanya kitu kingine, adui anakuchoma. Gemu ilipondwa vibaya sana, na mwaka uliofuata wakatoa marekebisho ya kuwezesha kuendesha kwa joistiki (kile kifimbo cha kusukuma kwa kidole gumba) kama watu wa kawaida.

Hapa kuna kitu wengi hawajuake: manete ya PS3 uliyoshika miaka yote ile ilikuwa na sensa za mwendo ndani. Zile za kwanza za 2006 ata hazikutetemeka, Sony wakasema mtetemo utasumbua sensa, wakati huo huo walikuwa mahakamani na kampuni ya Immersion juu ya hati miliki za teknolojia ya ule mtetemo. Kesi ikaisha 2007, na kumbe mtetemo na sensa vinaweza kukaa nyumba moja bila shida, njo DualShock 3 ikatoka na vyote viwili. Ya PS4 nayo ina jiroskopu, ya PS5 pia. Kwa hiyo kila siku mu Goma vijana wanaoshikilia kwamba manete za kutikisa ni za watoto wameshika manete zenye uwezo ule, hawajauamsha tu.

Kinect ni hadithi ingine, na hapa ndipo chumba chako kinahukumu. Microsoft ilitoa ile kamera ya Xbox 360 Novemba 2010, na ndani ya siku 60 ikauza milioni 8, rekodi ya Guinness. Teknolojia ilitoka kwa kampuni ya Israel inaitwa PrimeSense: inatupa vidoto vingi vya infraredi kwenye chumba, kamera inaangalia vidoto vimekaa namna gani, inapata umbali wa kila kitu, kisha programu inatafuta mwili wako na viungo vyake 20, mara 30 kwa sekunde. Ni kazi ya ajabu kweli. Lakini kufuatana na Microsoft wenyewe unatakiwa kusimama karibu mita 1.8 mbele yake kama uko peke yako, na mita 2.4 mukiwa wawili, sakafu iko wazi. Sasa niambie, kwenye vyumba vyetu, mabenchi matatu, watu kumi na tano wanangoja zamu, mtoto anapita na beseni la mandazi, hiyo sakafu wazi iko wapi? Mlango nao uko wazi juu ya joto na jua linaingia, na jua limejaa infraredi, vidoto vinapotea.

Na ata ukiwa na sebule kubwa kama za Himbi, kuna swali ambalo Kinect haikujibu vizuri: bila buto, unatembeaje? Unaelekeza nini uende mbele? Njo maana gemu nyingi zake zilikuwa kwenye reli, mashine inakuendesha wewe unachezesha mikono tu. Kwa kudansi peke yake ndipo iling'aa, juu dansi haihitaji kwenda popote na mwili mzima njo mchezo. Ukilinganisha na Just Dance ya Wii, ile iliangalia mkono mmoja tu ulioshika manete, ungeweza kukaa kwenye kochi ukapunga mkono na ukapewa pointi za mfalme. Kwa siye watu wa ndombolo ile ni matusi: kiuno chote hakihesabiwi! Kinect angalau ilikiona kiuno.

Mwisho wake unajulikana. 2013 Microsoft wakaiweka ndani ya bei ya Xbox One kwa lazima, dola 499, PS4 iko 399, mwaka uliofuata wakaitoa, na 2017 wakaacha kuitengeneza. PrimeSense yenyewe ilinunuliwa na Apple 2013, na leo iPhone inatambua uso wa mwenye nayo kwa njia ile ile ya kutupa vidoto.

Sasa upanga. Hii njo ndoto ya kila mtu, sindio? Mkono wangu ukienda kushoto upanga uende kushoto, digri kwa digri. Nintendo waliongeza jiroskopu kwenye manete ya Wii mwaka 2009, kifaa cha kuchomeka nyuma kinaitwa MotionPlus, na 2011 wakatoa Skyward Sword, gemu ya upanga ya Zelda, ambayo bila hiyo haichezeki. Adui anaziba upande wa kulia, wewe unakata kutoka kushoto. Ikifanya kazi ni tamu, kweli. Lakini jiroskopu inateleza, unasimama kila mara kuirekebisha, na kuna shida ambayo sensa yoyote haiwezi kuponya: upanga kwenye kioo umegonga ngao na umesimama, mkono wako hewani unaendelea. Mtu anayeshuka na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyobeba magunia ya viazi toka Kibumba anajua kwa mikono yake kila jiwe la barabara, mzigo unamjibu, unamsukuma, anaupinga, na kwa kupinga njo anaongoza. Manete haijibu. Inatetemeka kidogo, basi. Macho yanasema umegonga, misuli inasema hapana, na hapo ndipo ile hisia ya kuwa ndani ya gemu inavunjika. Toleo la 2021 la gemu ile kwenye Switch, mashine mpya zaidi ya Nintendo, likaweka chaguo la kutumia joistiki, na wengi walishukuru, hasa wale ambao mkono hauwezi kurusha rusha kwa sababu ya ulemavu ao maumivu, juu gemu inayolazimisha mwendo inawafungia mlango kabisa.

Nikiwa kwenye upanga niongeze hili, linanifurahishaka. Link, shujaa wa zile gemu za Zelda, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na walipoleta Twilight Princess kwenye Wii wakaona wachezaji wengi wanarusha kwa kulia, wakageuza dunia yote kama kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi, ili tu mkono ufanane. Dunia nzima imegeuzwa juu ya mkono mmoja!

Angalia Beat Saber ya helmeti za VR, zile za kufunika macho ili ujione uko ndani ya gemu, uone vile walivyozunguka shida ya upanga. Unakata mabloku kwa mapanga ya mwanga, na panga la mwanga linapita ndani ya bloku bila kusimama, kwa hiyo mkono haungoji kizuizi na mwili haushtuki. Hawakutibu ugonjwa, walichagua mchezo ambao ule ugonjwa hauonekani. Kama tenisi ile ile.

Na sasa kilicho kizuri, ambacho cha ajabu hakipigiwi kelele: kulenga.

Joistiki haisemi "lenga pale". Inasema "geuka kwa mbio hii mpaka nikuachilie". Unasukuma, alama inatembea, unabahatisha saa ya kuachilia, umepita, unarudi, umepita tena. Kwa hiyo gemu nyingi za risasi za konsoli (mashine za gemu kama PS na Xbox) zinakusaidia kwa siri, alama ikikaribia adui inakuwa nzito ao inavutwa kwake. Mtu anayejisifu kwamba ana shabaha kwa joistiki, sehemu ya ile shabaha ni ya mashine, samahani. Jiroskopu ni kama mausi ya kompyuta: mkono umezunguka digri mbili, alama imesogea kiasi chake, mkono umesimama, alama imesimama. Hapa mwili unasema kitu ambacho buto haiwezi kusema, unasema kiasi, na kwa udogo sana, na haungoji kutambuliwa. Pia hautoki jasho. Mtu aliyekaa nyuma yako hawezi ata kuona kwamba unatumia mwendo.

Resident Evil 4, gemu ya risasi ya Wii, 2007, ilionyesha hivi kwa kulenga kioo na ile kamera ya infraredi. Splatoon ya Nintendo ya 2015, gemu ya kupigana kwa rangi, ikafanya jiroskopu kuwa njia ya kawaida: joistiki kwa kugeuka kukubwa, mkono kwa kumalizia. Fortnite nao wakaongeza 2022 namna ambayo joistiki inakugeuza kwa mpigo mmoja upande unaotaka, kisha jiroskopu inalenga. Manete ya kawaida ya Xbox mpaka leo haina jiroskopu, na mimi naona ile njo sababu mojawapo ya gemu mingi za mifumo yote kutoiweka: ukitengeneza kwa wote, unatengeneza kwa yule asiyenacho.

Na wapenzi wa mpira, musiende bado. PES 2008 ya Wii ilijaribu kitu ambacho sijaona tena: unalenga kioo, unamvuta mwenye mpira kama unamwonyesha njia kwa kidole, unalenga mahali patupu mbele ya mshambuliaji na pasi inaenda pale pale, na wakati huo huo unaweza kumwambia mchezaji asiye na mpira kimbia kule. Kwa manete ya kawaida unaongoza mtu mmoja na wengine wanajiongoza. Hapa ulikuwa kama kocha aliyeingia uwanjani. Shuti ilikuwa kutikisa mkono wa pili, na ndiyo, pale palikuwa pabaya kidogo kwa sababu zile zile za nyani. Wazo kubwa na wazo bovu ndani ya gemu moja, na lile bovu lilipokufa watu wakazika yote mawili pamoja.

Kama unataka kujaribu bila kununua konsoli, simu yako inatosha. PUBG Mobile na Call of Duty Mobile zina chaguo la jiroskopu ndani ya setingi, unaweza kuiwasha muda wote ao pale tu unapofungua darubini ya bunduki. Anza na ya darubini tu, unyeti chini, siku za kwanza utalenga mawingu na marafiki watakucheka, ni kawaida. Ila angalia kitu kimoja mbele ya kununua simu ya mitumba: simu nyingi za bei ndogo zina akselerometa lakini hazina jiroskopu, kwa hiyo gemu ya gari itageuka ukiinamisha simu na muuzaji atakuambia si unaona, inafanya. Muombe afungue video ya digri 360 kwenye YouTube kisha uzunguke na simu mkononi. Kama picha haizunguki na wewe, punguza bei ao uiache.